Hesabu Isiyorudi Sifuri

Kamina, 9 Machi 2025

Papa mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Mama na kila anayekula mezani kwenu huko Mwene-Ditu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama bado anakuficha chumvi? Sisi hapa ni wazima, tunamshukuru Mungu, na mvua za mwaka huu zimetuachia mabati yetu. Najua simu ipo, lakini kwenye simu wewe husema "alo, alo" kisha unampa Mama. Habari ya leo nataka uisome mwenyewe, umevaa miwani, maana binti yako ameshinda!

Mimi na Florent, mkwe wako, bado tunafanya kazi kwa Bwana Kaumba, anayesambaza intaneti kwa antena hapa mjini. Kila mteja ana kisanduku ukutani, na ndani ya kisanduku kuna mfumo tunaoutengeneza sisi wenyewe. Kisanduku huhesabu bila kuchoka: data iliyoingia, iliyotoka, na iliyoharibika njiani. Ugomvi wangu na Florent ulikuwa huu: je, mfumo umruhusu fundi kurudisha hesabu hizo sifuri, au usimruhusu?

Usicheke, Papa. Hapa fundi akifika kwa mteja, hata hajasalimia vizuri, anafuta hesabu ili aanze na ubao safi. Wa kesho akija hakuti kitu. Anafuta na hicho kidogo, anasema iko bien, kila kitu sawa, anaenda zake. Florent ndiye bingwa wao, naye alitaka tumwekee kitufe kabisa. Aliniambia nyumbani, tonge la bukari mdomoni, "Minyi nataka kuona mambo ya leo, hapana ya mwaka yenye ilipita." Nikamjibu kwamba hesabu ile si yake peke yake. Akasema nina kichwa kigumu kama baba yangu, nami nikapokea sifa hiyo kwa furaha. Kaumba hakutaka kuingilia mambo ya mke na mume, akaacha kitufe kijaribiwe.

Sasa, mmoja wa wateja wetu ni nyumba ya uzazi ya Mama Lucienne, mkunga. Mashine ya ekografi, ile ya kupiga picha ya mtoto tumboni, anayo, lakini daktari wa kusoma picha ngumu yuko Lubumbashi, kwa hiyo picha hupita kwenye laini yetu. Mwezi uliopita kulikuwa na mama mmoja mwenye mimba ambaye picha yake ilionyesha kivuli asichokielewa Mama Lucienne. Laini ikawa inakatika-katika, picha haiendi. Florent akaenda, akabonyeza kitufe chake, akarudi. Asubuhi Kaumba anafungua kompyuta ya ofisi, anakuta mlima: eti nyumba ya uzazi imevuta data kuliko mji mzima! "Bale banaangaliaka mafilme!" akafoka, na akaikata laini ile.

Papa, niliumia. Mama Lucienne alikuja mwenyewe, akaapa kwamba wauguzi wake hawana hata muda wa kula, na kwamba kuna mama anangoja jibu na usingizi haumjii. Kaumba akamwambia arudi wiki ijayo.

Hapo nikasimama. Nilimweleza Kaumba kwamba kompyuta ya ofisi husoma hesabu ya kisanduku kila wakati na kutoa tofauti. Ikikuta hesabu imeshuka ghafla, haidhani kuna mtu aliyefuta. Hudhani imejaa na kuzunguka, kama namba za kilomita kwenye pikipiki kuukuu zinapofika mwisho na kuanza upya. Basi huongeza mzunguko mzima ambao haukuwapo. Kilichouleta mlima ule ni kidole cha fundi, wala si filamu. Nikasema kitufe kikibaki, mimi natoka. Nilijua ninamchoma mume wangu mbele za watu.

Florent akainuka. Nilidhani atanipinga. Akasema, "Ni minyi njo nilifuta. Huyu mama hana kosa. Mufungue laini." Siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi, ila usimwambie.

Laini ikafunguliwa palepale, na sisi watatu tukakaa kuuandika mfumo upya. Kitufe kimetoka. Badala yake kila fundi anaweka alama yenye jina lake, na kisanduku kinamwonyesha yaliyotokea tangu alama hiyo bila kugusa hesabu kuu. Florent anaona mambo yake ya leo, mimi naona ya tangu mwanzo, hakuna anayemfutia mwenzake. Na kwa kuwa umeme wa Kamina unaujua, mfumo hujiwekea hesabu zake, ukizimika na kuwaka huendelea ulipoishia. Hesabu hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba data ya nyumba ya uzazi huharibika pale tu jirani mchomelea vyuma anapowasha mashine yake. Waya wetu ulipita mgongoni mwa karakana yake! Tukauhamisha, na picha ikafika Lubumbashi kabla Mama Lucienne hajavua glavu. Wauguzi walipiga vigelegele. Kaumba aliwaomba radhi, kisha akatangaza kwamba mfumo huu utakwenda mpaka Kinkondja na Malemba-Nkulu, na kwamba mkuu wake ni mimi. Rudia kusoma hapo, Papa: mimi.

Sasa nikwambie nililowaficha. Yule mama mwenye kivuli ni mimi. Florent alijua nina mimba, lakini ya kivuli sikumwambia. Nilitaka kwanza jibu. Niliogopa, Papa, niliogopa sana. Jibu lilipokuja, daktari aliandika kwamba hakuna ugonjwa wowote: kivuli ni mtoto wa pili, amejificha nyuma ya mwenzake. Mama Lucienne alitoka akicheza, "Iko babili! Batoto babili!" Florent alikaa chini sakafuni, akacheka.

Mapacha, Papa! Desturi unaijua kuliko mimi. Mapacha hawapokelewi kimya. Babu lazima awepo, aimbiwe zile nyimbo za matusi ambazo siwezi kuziandika kwenye barua ya heshima. Najua uliapa hutashuka tena stesheni ya Kamina tangu walipowafukuza watu wa kwetu na kuwapakia kwenye treni mwaka 1993. Sikuombi uufute mwaka ule, na akitokea wa kuufuta, wa kwanza kukataa ni mimi. Lakini kabla ya mwaka ule ulimwoa Mama hapa, ukaimba kwaya hapa, ukacheka hapa. Hayo nayo yahesabu. Mama mkwe wangu, Mama Kabange, Muluba wa hapahapa, wa upande wa waliowafukuza, anasema siku ya treni yenu atakuwa stesheni yeye mwenyewe, na hatakaa mpaka akuone unashuka.

Mbusu Mama, na umpoze moyo kwa kuwa nilimficha. Njooni wawili, tutawapokea wanne.

Binti yako anayekuheshimu,
Bibiche Mulanga