Misonobari Iliyokufa Shambani Kwetu

Mpendwa Baba Nekesa,

Jana nilipita ile kambi ya msitu juu ya Kitale, nikakaa kando ya njia nikitazama palipokuwa shamba letu.

Tulitoka Sirisia bila ardhi, tukapewa kipande cha msitu uliofyekwa. Sharti lilikuwa moja: tulime mahindi katikati ya miche ya misonobari, na miche itunzwe. Ikishakua na kutia kivuli, tungehama. Mwaka wa tatu, misonobari yetu ikaanza kukauka. Majani yaligeuka njano, kisha kahawia. Ulisukuma mti mmoja kwa mkono, mti ukaanguka.

Askari wa msitu akaja mlangoni. "Wewe Wafula, ati miti inakufa kwa shamba lako tu? Unakata mizizi ndio usihamishwe, si ndiyo? Kesho Bwana Msitu anakuja. Fungeni mizigo."

Nilifunga. Wewe hukula. Asubuhi nilikukuta umeinama kwenye mti mgonjwa, unachimba kwa mikono.

Bwana Msitu alipofika hukungoja kuulizwa. "Bwana, tazama kwanza, halafu unifukuze." Ukabandua gome karibu na udongo. Ndani kulikuwa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, unanuka uyoga. Ukaufuata mzizi kwa jembe hadi kwenye kisiki cha mti wa asili, uliokatwa kabla hatujafika. Nacho kilikuwa na utando uleule.

Askari akacheka. Bwana Msitu alipiga magoti, akanusa, akaamuru tuchimbe kwa jirani, ambako miti ilikuwa bado kijani. Nilisimama na Nekesa mgongoni. Gome likabanduliwa.

"Hata hapa," akasema Bwana Msitu. "Hii ni kuvu. Inakaa kwenye visiki, inakula mizizi chini kwa chini. Si kazi ya mtu."

Hatukufukuzwa. Tuling'oa miti iliyougua na kuchimbua visiki hadi viganja vikachubuka. Hata hivyo mingine ikaendelea kufa.

Lakini jioni ya siku ile aliyokuja Bwana Msitu uliniuliza, "Mama Nekesa, na wewe ulidhani ni mimi?" Nikajifanya nambembeleza mtoto. Ukachukua jembe, ukatoka. Hukuuliza tena mpaka siku tuliyokuzika.

Leo nakujibu. Ndiyo, nilidhani. Asubuhi ile nilikuwa nimelificha panga lako ndani ya gunia la mahindi, na nilikuwa tayari kuapa mbele ya Bwana Msitu kwamba nyumba yetu haina panga.

Nisamehe, ulale salama.

Mkeo,
Mama Nekesa