Ndege ya baba haikuwa na makombora

Alhamisi

Na shemeji ameweka makombora mawili, kama moja lisingetosha kunikasirisha.

Ile ndege ya zamani ya jeshi nilianza kuichora kwenye simu nikiwa na mimba ya Zuhura, nikakwama kwenye pangaboi. Juzi mtoto kalala, nikaimaliza. Ubavu mzima, hadi ule mlango mpana wa kupitishia machela. Nikamtumia shemeji, anachapa fulana Kariakoo, anichapie moja tu ya baba.

Leo nakuta dukani kwake zimetundikwa fulana kibao, ndege imeongezwa makombora.

"Shemeji, hii ilikuwa inabeba majeruhi. Baba ndiye alikuwa fundi wake, anaruka nayo."

"Ndege ya jeshi bila silaha si daladala hiyo, shem? Wateja wameipenda."

Akacheka.

Baba anajivunia jambo moja tu, kwamba ndege yake haikuua mtu. Na Jumamosi anakuja Kariakoo kumnunulia mjukuu viatu.

Kesho naamkia pale. Zote zinashuka, na kama ni ugomvi wa ukoo, basi...

Ile picha yangu bado ninayo kwenye simu. Zuhura kagusa pale mlangoni kwa kidole chake. Nikamwambia, hapo ndipo babu alikuwa anawapokea majeruhi.