Baba, Nilikichomelea Kile Kisu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, ila mkono umekataa kuanza barua bila kukuamkia.

Nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya lile gurudumu kuukuu ulilokuwa ukilikalia mchana. Mvua zimekwisha. Nyasi za hapa kwetu Itetemia zimeanza kugeuka rangi ya asali, na upepo ukipita zinalala zote upande mmoja, kisha zinainuka polepole kama watu waliokuwa wamepiga magoti kanisani. Nikizitazama sana naiona kofia yako katikati yake, ile ya kijani iliyopauka, inatangulia mbele ya trekta ukitafuta mawe na visiki. Wala sishtuki. Naipungia mkono, halafu upepo unageuka na kofia haipo.

Tangu ulipolala mchana ule wa mvua za kwanza usiamke tena, trekta naendesha mimi. Watu walikuja kuuliza taratibu, kwa adabu ya msiba, kama slasha yetu itaendelea kufyeka au ndiyo mwisho. Wageni waliotoka mjini nikawaeleza kama ulivyokuwa ukiwaeleza wewe: ni fyekeo linalovutwa na trekta, visu viwili vizito chini ya kava la chuma, vinazunguka mpaka macho hayavioni. Wakaniuliza, na wewe binti unaiweza? Nikasema naiweza. Baba, nilisema naiweza.

Ulinifundisha nikiwa nimemaliza shule na sijui nifanye nini na maisha yangu. Ulizima trekta, ukachomoa shafti inayopeleka nguvu nyuma, ukainua slasha, ukaweka magogo chini yake, ndipo ukaniambia niingie tulale chali kwenye majani. Nikanusa grisi na nyasi mbichi. Ukanishika mkono ukaupitisha kwenye ukingo wa kisu. Nilitaka kukinoa mpaka king'ae, wewe ukanikataza: "Leokadia, hatunyoi ndevu za mtu. Tunakata nyasi." Ukanionyesha unene wa kuacha, ili kisu kikigonga kisiki kisimeguke. Ukanionyesha jinsi visu vinavyoning'inia kwenye bolti zake, vinavyotakiwa kucheza huku na huku, kwa sababu kisu kilichokazwa kama msumari hakina pa kukimbilia kikikutana na jiwe. Na ukasema kimoja kikiharibika tunatoa vyote viwili, maana kizito na chepesi vikizunguka pamoja mashine nzima inatetemeka.

Halafu ukasema neno moja ukiwa umenikazia macho. "Kisu chenye ufa hakichomelewi. Hata dunia nzima ikungoje." Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayeitikia sala anayoijua.

Ndiyo maana barua hii imechelewa. Naona aibu.

Unaikumbuka njia ya zamani ya misafara, kipande kile kinachotoka nyuma ya mashamba yetu kwenda kanisani. Kila mwaka ulikuwa unaifyeka mvua zikipungua. Ukimaliza unazima injini na kunionyesha alama za magurudumu kwenye udongo mwekundu, mahali maji yalipofukua ushanga, mmoja wa buluu, mmoja mweupe, ndogo kama punje za mtama. Ulikuwa ukisema wapagazi waliuangusha wakienda Ujiji, na kwamba ukinyamaza vizuri utasikia miguu yao kwenye nyasi. Nilikuwa nacheka. Mwaka huu sikucheka. Nilikaa pale peke yangu nikasikia kitu kama miguu, mingi, inapita bila haraka, nikafumba macho mpaka ikaisha.

Basi, mwezi wa nne nyasi katika kipande kile zilikuwa zimenipita kimo. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kutoa kipaimara. Katekista akaja nyumbani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema wazee wanaogopa nyoka, na watoto watafika na nguo nyeupe zimelowa umande. Nikamwahidi: Jumamosi jioni njia itakuwa wazi.

Alhamisi nikagonga kisiki. Nilifanya kila kitu ulichonifundisha, nikazima, nikachomoa, nikaweka magogo, nikaingia chini. Ufa ulikuwa karibu na tundu la bolti, mfupi kama ukucha wa kidole changu kidogo. Nikaufuta grisi nikitumaini ni mkwaruzo. Haukuwa mkwaruzo. Nikapiga simu duka la vipuri Dar es Salaam, wakasema visu vipya vitafika kwa basi Jumatatu.

Nililala pale chini muda mrefu nikiutazama. Nilikuwa nawaza watu wanaosema binti hawezi. Nilikuwa nakuwaza wewe pia, lakini kwa namna ambayo haikunisaidia: nilitaka jina lako lisianguke. Nikakifungua kisu nikakifunga kwenye kitenge nikaenda nacho mjini, mtaa wa Ng'ambo.

Fundi Saidi, yule wa kuchomelea, alikigeuza mara mbili akanirudishia. "Dada, mimi natengeneza mageti na vitanda. Baba yako miaka yote hajaniletea kisu cha slasha." Nikamwambia ni kwa siku mbili tu. Akakataa. Nikamwambia ni kwa ajili ya kanisa. Baba, nilitumia kanisa. Akavaa miwani yake akisema, "Mimi nimekuambia," na cheche zikaruka, na mimi nikageuza uso kama mtu asiyetaka kujua.

Jumamosi asubuhi umande ulikuwa bado. Kazi ilikwenda vizuri mno. Nyasi zilikuwa zinalala nyuma yangu, mbegu zinapanda juu kama moshi mweupe, jua linapita ndani yake, na mimi nikawa kama naota. Nikaona tuko wawili kwenye kiti. Nikaona sina haja ya kuogopa kitu chochote. Kwa muda huo mfupi hukuwa umekufa.

Mama alikuwa anakuja na chupa ya uji.

Sijakueleza habari za Mama. Tangu tulipokuzika alikuwa hazungumzi nami zaidi ya maneno ya lazima. Kula. Funga mlango. Mvua hiyo. Sauti ya trekta ilikuwa inamuumiza, nadhani, kwa sababu ilikuwa ileile na aliyekaa juu yake siye. Kila siku ya kazi alikuwa ananiletea uji shambani, anaweka chini, anaondoka bila kuniangalia. Siku ile alipita njia ya mkato, akatokea nyuma yangu.

Nilisikia mlio mmoja, kama sufuria iliyoanguka jikoni kwa watu. Kisha trekta lote likaanza kutetemeka, usukani ukanipiga viganja. Nikazima. Nikageuka nikamwona Mama amesimama na chupa yake mkononi, na hatua mbili pembeni yake kichuguu kinamwaga vumbi jekundu. Nusu ya kisu ilikuwa imezama ndani ya kichuguu kile.

Mbegu za nyasi zilikuwa bado zinashuka. Zilimwangukia kwenye kitenge, kwenye nywele, naye hakuzipangusa. Nikashuka kama mzee.

Mama akakitazama kichuguu. Akanitazama. Akasema, kwa sauti ndogo, "Leokadia, nani alikufundisha hivi?"

Nikasema, "Si Baba."

Hapo ndipo alipokaa chini katikati ya njia akalia. Alilia kwa jina lako, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi. Nikakaa naye. Akanipiga begani mara moja, kofi la kweli, kisha akanivuta kifuani na kunishikilia pale pale. "Nimeshazika mmoja," akasema. "Unataka nizike na wewe?" Nikamwambia yeye ndiye aliyepona. Akasema, "Wote. Tumepona wote." Uji tukaunywa hapohapo, kwa kupokezana kifuniko cha chupa.

Nikaenda mwenyewe kwa katekista, na grisi usoni. Nikamwambia ukweli wote, ufa, Ng'ambo, kichuguu. Nilitegemea anifokee. Akavua kofia yake. "Tumshukuru Mungu. Mna mafyekeo mangapi ya mkono?"

Mchana ule walikuja, Baba. Mama ndiye aliyezunguka kuwaita. Kinamama wa jumuiya, vijana wa kwaya, fundi Saidi naye akaja kutoka Ng'ambo kwa baiskeli, yeye Mwislamu, akafyeka mpaka jua likazama. Hatukupata njia pana kama yako. Tulipata njia ya mtu mmoja.

Jumapili nilisimama pembeni nikawatazama wakipita. Nyasi kuta mbili, ukungu umeshuka, na wao mmoja nyuma ya mwingine, kimya, nguo nyeupe, vichwa vinaonekana na kupotea. Sijui kama nilikuwa macho. Niliona wapagazi wa zamani na watoto wa kipaimara wakienda pamoja, na wewe ukiwa miongoni mwao bila kofia, unatembea tu, huna haraka. Nikawa nataka kukuita. Mama akanishika mkono, nikajua naye ameona kitu. Hatukuulizana.

Visu vipya vilifika Jumatatu. Kile cha pili, kizima, nilikitoa pia. Nikavipima kwa mikono, kimoja huku kimoja huku, mpaka nikaridhika kwamba vina uzito mmoja. Nikatazama bolti, nikabadilisha nati zilizochakaa. Mama alileta kigoda akakaa karibu. "Shafti umechomoa?" Nimechomoa. "Magogo umeweka?" Nimeweka. Sikujua kwamba miaka yote ile, akipita na ndoo yake, alikuwa anasikiliza. Sasa hakuna siku ninayowasha bila yeye kuuliza, na mimi siwashi mpaka nimegeuka nikahakikisha hakuna mtu nyuma. Jioni ananisimulia habari zako ambazo sikuzijua. Kumbe ulimwimbia Kinyamwezi kwenye mavuno mpaka shangazi zake wakakufukuza.

Barua hii nitamsomea kwanza, kisha nitaiweka kwenye Biblia yako.

Nisamehe, Baba. Sikuogopa kisu, niliogopa watu. Nakuahidi hivi: kazi nikishindwa nitasema nimeshindwa, kwa mdomo wangu, mapema, kabla mtu hajapita nyuma yangu. Na kaburi lako sitalifikia na mashine. Nyasi za kwako nitazing'oa kwa vidole, mimi na Mama, shina moja moja, tukiongea.

Lala salama, Baba. Mwangaluka ya kesho, salamu yetu ya asubuhi ya Kinyamwezi, nitakuja kukupa mwenyewe, jua likichomoza.

Mwanao,
Leokadia