Jina Langu Juu ya Saruji

Mpendwa Juju,

Walimu wangu wangetaka nikuite nyanya, lakini nikiandika neno hilo namwona bibi mwingine, yule wa vitabu vya darasa la tatu anayewasimulia wajukuu habari za sungura na fisi. Wewe hukuwa na sungura. Ulikuwa na kuku, kahawa, na maoni kuhusu kila mtu kanisani. Basi nakuita Juju, kama nyumbani. Yaliyobaki nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwa Kiswahili, na wewe ulipenda nikusomee Kiswahili hata pale ulipokuwa ukielewa nusu tu.

Nimeandika hadithi ya kutisha, Juju, na wewe umo ndani. Usikasirike kabla hujasikia.

Unakumbuka nilipoanza kusoma? Nilikuwa darasa la kwanza, na kusoma kulikuwa kumenishika kama homa. Nilisoma pakiti ya chumvi. Nilisoma kalenda ya kanisa, dumu la mafuta, na maandishi ya gunia la mbolea ulilokuwa umekalia ukichambua maharagwe, hata ukainuka nimalizie neno la mwisho. Siku moja adhuhuri, watu wote wakiwa shambani, nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka pale kwenye kaburi la babu. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi sana bila kujali. Kwangu lilikuwa tu jiwe pana la kuchezea. Lakini siku hiyo nilikuwa najua kusoma. Nikasoma herufi moja moja, kwa sauti, kama mwalimu alivyotufundisha: JEREMIA MUTWIRI.

Hapakuwa na mwaka wa kuzaliwa wala wa kufa. Ni jina tu. Jina langu, lote, hata lile la ubatizo.

Hakuna aliyekuwa amenificha kitu. Nilijua kwamba mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, na kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba ya baba yake. Nilijua ndiyo sababu nikiingia jikoni ulikuwa ukisema, "Mzee amefika, mpeni kiti," na kunipakulia kabla ya baba, mpaka mama akawa anakunja uso kidogo. Lakini kujua kwa masikio si sawa na kusoma kwa macho. Mimi niliona mahali pamejengwa, saruji imekauka, jina limeandikwa, na kilichobaki ni mwenyewe kuingia.

Kwa siku tatu sikuitika. Ulikuwa ukiita, mimi nanyamaza nyuma ya ghala. Nilikuwa nimejiwekea hesabu ya kitoto kwamba asiyeitika hawezi kuchukuliwa. Siku ya nne ulinikuta huko, ukanishika sikio.

"Umeziba hili au limezibwa na nani?"

"Sitaki kuitwa."

"Unataka tukuitaje, tukupigie mluzi kama mbwa?"

Nikakuonyesha kwa kidole. Ukatazama kaburi, ukanitazama mimi, na nikaona umeelewa mara moja. Hukunikumbatia. Hukuniombea. Uliingia ndani ukatoka na ungo wa maharagwe, ukayamwaga juu ya saruji ile, ukayatandaza kwa kiganja. Ilikuwa ndiyo saruji pekee katika boma letu zima, na ilishika jua vizuri. Majirani walikuwa wakikusema kwa hilo. Ulikuwa ukiwajibu kwamba mzee hakupenda kukaa bure alipokuwa hai, kwa nini aanze sasa.

"Kaa hapa unifukuzie kuku," ukaniambia.

"Naogopa."

"Ogopa. Lakini kuku wasile maharagwe yangu."

Ukakaa nami kidogo. Ukanipima kwa macho, ukasema humo ndani tayari amelala mtu mmoja mrefu na amejaa, mimi na magoti yangu hayo ningeingilia wapi. Kisha ukanieleza kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokua. Ulisema kwamba mzee alipokuwa hai hukuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Mke wa wakati wenu hakuwa akifanya hivyo. Ulimwita Baba Kirimi, kwa jina la baba yangu, miaka yote hiyo. Ulilibeba jina lake mdomoni bila kulitema, na nilipozaliwa mimi ndipo ulipopata ruhusa. "Sasa naliita mpaka nashiba," ulisema. "Na wewe unaniziba mdomo."

Nilifukuza kuku mpaka jioni. Niliogopa saa zote hizo, na hakuna haragwe lililoliwa.

Sasa nikuambie habari za shule. Niko kidato cha tatu hapa shule ya bweni ya Kaaga, na bado ni yule yule. Wakati wa chakula nakaa mwisho wa meza, na nikiulizwa swali darasani jibu ninalo ila sauti sina. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Kagendo, ana kawaida yake: kila Ijumaa mchana mwanafunzi mmoja anasoma mbele ya darasa hadithi aliyoitunga. Muhula uliopita alitaka hadithi za kutisha. Nikatunga ya jini mwenye kwato za mbuzi, anayekaa katika jumba bovu kando ya bahari, na radi zikipiga. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Nikaisoma huku nimeficha uso kwa daftari. Nilipomaliza, Koome, tunayekaa naye dawati moja, akainua mkono.

"Mwalimu, huyu jini ni wa Mombasa. Akishuka Meru ataomba sweta."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia. Mwalimu Kagendo hakucheka. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unamwogopa huyo jini?"

"Hapana, mwalimu."

"Unaogopa nini?"

Nikasema ukweli, kwa sababu uongo haukuja haraka. "Watu wakiniangalia."

Walicheka tena, lakini yeye akasema, "Basi hofu unaijua. Nenda uandike unachokiogopa kweli, hata kama ni kidogo kama kisoda. Usiniletee hofu ya kuazima."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Nilikuwa nadhani mtunzi wa mambo ya kutisha lazima awe mtu jasiri, mwenye kwenda mbali kuyatafuta. Kumbe mimi hofu yangu nilikuwa nayo nyumbani, nyuma ya nyumba, imetandazwa maharagwe. Nikaandika habari za mtoto aliyejifunza kusoma akakuta jina lake kaburini. Niliandika jinsi nilivyokaa siku zile, kidole kinachogusa herufi, joto la saruji, kuku. Sikuweka radi wala giza. Nilianza kuzusha pale tu ambapo mambo ya kweli yaliishia. Katika hadithi ni saa saba mchana, jua kali, mtoto anafukuza kuku, na nyanya yake anaita kutoka jikoni, "Mutwiri." Kabla mtoto hajafungua mdomo, mtu mwingine anakohoa, anaitika. Nyanya hashangai. Anatoka jikoni na sahani mbili.

Nilipoandika hizo sahani mbili, Juju, mkono wangu uliacha kalamu. Nikafurahi sana. Ni furaha ngeni, kuogopa kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Niliiogopa ile hadithi na wakati huo huo nilikuwa naishika mimi, naweza kuigeuza huku na huku, kama maharagwe.

Mwalimu Kagendo aliisoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa ameketi. Akasema nitaisoma siku ya wazazi, mbele ya wageni. Hapo furaha yangu ikaingia doa. Si kwa ajili ya kusoma tu. Jina lile ni la babu, na kaburi ni la babu, na baba ni mzee wa kanisa. Mwaka mmoja tu umepita tangu tukulaze wewe kando ya babu. Ningesimamaje mbele ya watu wote nimwitikishe baba mzazi wa baba yangu kutoka chini ya saruji?

Nilijaribu njia ya mkato. Nikafuta Mutwiri, nikaandika Juma. Juma hakumtisha mtu. Koome mwenyewe aliisoma akasema, "Huyu Juma aende zake, mrudishe yule mwingine." Ilikuwa wazi kwamba hadithi inasimama na jina lile au haisimami kabisa, na mwenye kuamua si mimi.

Basi wikendi ya mapumziko nilimpelekea baba daftari. Alikuwa amekaa barazani Jumamosi alasiri, mama pembeni anaambua maganda ya minji. Nikamwambia ni hadithi, ni ya kubuni, akisema nisiisome sitaisoma. Kisha nikasimama pale kama mtu anayengoja sindano. Alivaa miwani yake iliyofungwa waya, akasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama tu mimi. Mama aliacha kuambua. Baba alipofika ukurasa wa mwisho akaurudia. Akavua miwani.

"Kuna kosa hapa."

"Ndiyo, baba." Nilikuwa tayari kuomba msamaha.

"Umeandika mzee anakohoa. Baba yangu hakuwa mtu wa kukohoa. Alikuwa anapiga chafya. Tatu. Alikuwa akitoka shambani, vumbi la kahawa kavu linamwingia puani. Ukisikia ya kwanza, unaficha ulichoshika. Ya pili, unasimama. Ya tatu, ameshafika mlangoni."

Mama akasema, "Ulikuwa unaficha nini wewe?"

"Kitabu," baba akasema. "Nilitakiwa niwe napalilia."

Sikuwa najua kwamba baba aliwahi kusoma kitabu kwa kujificha. Sikuwa najua kwamba aliwahi kumwogopa mtu. Akaniambia kwamba mpaka leo, mtu akipiga chafya nyuma yake kanisani, mkono wake unatafuta pa kuficha kitabu cha nyimbo. Tukacheka wote watatu, mama mpaka minji ikamwagika. Kisha baba akanieleza kwamba jina lile juu ya saruji aliliandika yeye kwa msumari, saruji ikiwa mbichi, mvua ikianza kunyesha. Ndiyo sababu hakuna miaka. Aliwahi kuandika jina tu.

"Isome," akasema akinirudishia daftari. "Weka chafya. Na jina usilifupishe. Lisome lote."

Usiku ule niliondoa kikohozi nikaweka chafya tatu, na hadithi ikawa mbaya zaidi, yaani nzuri zaidi. Niliona kwamba hofu yangu peke yake ilikuwa na mguu mmoja. Ya baba iliipa wa pili.

Siku ya wazazi nilisoma, Juju. Nilikuwa nimejiambia niogope tu, mradi nisiache mistari. Nilipofika mahali unapoita kutoka jikoni, jambo moja lilitokea ambalo sikulipanga. Nilikuwa nimekusudia kulisoma jina kama lilivyoandikwa. Lakini lilitoka kwa sauti yako. Ulivyokuwa ukilivuta katikati kisha ukaliachia mwishoni, kama mtu anayetua mzigo. Tangu ulipoondoka nilikuwa nikijaribu kuikumbuka sauti hiyo kitandani na nisiipate, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba imekwenda. Nikasoma chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliposoma sahani mbili, mama mmoja wa mbele alimshika mwanawe mkono. Makofi yalikuja, lakini yalichelewa kidogo, na Mwalimu Kagendo aliniambia baadaye kwamba huko kuchelewa ndiko tuzo.

Baba aliomba ruhusa nimsindikize mpaka steji ya magari mjini. Tulikuwa tumesimama kando ya waendesha boda boda, tukingoja gari la kwetu lijae, aliposema, bila kunitazama, "Pale mama anapoita. Rudia."

Nikatazama watu. Walikuwa wengi, na unajua nilivyo.

"Hapa?"

"Hapa."

Nikavuta pumzi, nikaita. "Mutwiri." Niliita kama wewe, kwa nguvu ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya shamba. Baba akafumba macho.

Mwendesha boda boda aliyekuwa karibu akageuka juu ya pikipiki yake. "Mnamwita nani, mzee? Nimsaidie kumtafuta?"

"Ni mama yangu," baba akasema, "anamwita baba yangu."

Yule kijana akanitazama mimi, akamtazama baba, akatazama barabarani kule tulikokuwa tumeelekeza sauti. "Haya," akasema taratibu, akarudisha pikipiki nyuma hatua mbili. "Basi wacha niwapishe."

Nakuaga hapo, Juju. Nikija likizo nitapitia upande wenu kwanza kabla sijaingia nyumbani, na mkiniita nitaitika.

Mjukuu wako,
Mutwiri