Doa Jekundu la Cheptiret

Eldoret,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kaka yangu Mwadime,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, na hapo nyumbani Wundanyi asiwepo anayekohoa. Mguu wa Mama unaendeleaje tangu aanze kukandwa? Mvua imewafikia, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku huniuma vidole asubuhi, lakini hiyo nimeizoea.

Umenipigia simu mara tatu kuniuliza kama ile kalamu ya leza uliyoninunulia inafaa, ili upate nyingine mtumie kwa ukuta wa kanisa. Kila mara nilikujibu "iko sawa" nikakata. Nisamehe. Jambo lenyewe halisemeki ukiwa umezungukwa na watu wenye karai za simiti. Leo nimefungua daftari langu la kila siku, na nitakueleza kama yalivyofuatana. Barua nitaipa dereva wa basi pamoja na kifurushi cha Mama.

Kazi ilikuwa Cheptiret. Kikundi cha akina mama wa maziwa wamejenga chumba cha tangi la kupozea, chumba kirefu, hatua ishirini na tano kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Sakafu walimpa Mzee Kosgei, naye akanichukua mimi kama kawaida. Nimekuandikia habari zake mara nyingi: ndiye fundi aliyenipokea nilipotoka chuo cha ufundi, wakati wengine walisema mwanamke atachoka kabla ya chai ya saa nne. Sakafu ya maziwa huoshwa kutwa mara mbili, kwa hiyo ni lazima maji yateremke yenyewe. Walitaka yaende kona ya nyuma upande wa kulia, penye tundu la mtaro. Ukuta wa kushoto umepakana na ghala lao la mahindi.

Mzee hupima usawa kwa paipu ndefu ya plastiki iliyojazwa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na maji yakitulia pande zote mbili mnaweka alama. Inachosha, na Mzee magoti yake si ya kupiga magoti tena. Nikamwambia ninayo leza. Nikaifunga kwa mpira juu ya pima maji, kile kipande kirefu chenye kipovu cha kuonyesha usawa, mpira huohuo ukakandamiza kitufe isizimike. Nikaweka pima maji juu ya tofali pale mlangoni, upande wa kushoto, tukaziba madirisha kwa magunia, na doa jekundu likatokea ukuta wa nyuma.

Mzee alisimama ameshika kiuno.

"Sasa hii ndiyo itapima?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na paipu yangu nifanye nayo nini? Ninyweshee ng'ombe?"

"Ipumzike leo."

"Haya. Weka alama wewe. Mimi nitafuata alama zako."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na nataka ulielewe vizuri, kwa sababu wewe pia utalifanya. Ukimulika karibu, hatua mbili tatu, doa ni nukta. Ukimulika mbali, linarefuka. Kwenye ukuta ule wa nyuma lilikuwa mstari uliosimama wima, urefu wa njiti ya kiberiti. Tena halikung'aa sawasawa. Ncha moja ilikuwa kali, kisha mwanga ulififia kuelekea ncha ya pili, kama kichwa na mkia. Upande wa kushoto kichwa kilikuwa chini. Nikaweka alama kichwani, kwa sababu ndipo jicho linapokwenda.

Nilipohamia upande wa kulia, kitufe cha kalamu kilibanana na ukuta, mkono haukufika. Nikaigeuza kalamu kitufe kitazame upande wa pili, nikaifunga tena. Kalamu ilipogeuka, doa nalo liligeuka pamoja nayo. Kichwa sasa kilikuwa juu. Nikaweka alama kichwani. Kwa hiyo kushoto alama ilikaa chini, kulia ikakaa juu, na mteremko wote tuliotaka ulikuwa wa vidole viwili tu. Ukaliwa wote, ukabaki mdogo wa kwenda upande usiofaa.

Kinachoniumiza ni daftari. Jumanne ya kuweka alama, wiki tatu zilizopita, nimeandika kwa mkono wangu: "Doa si duara. Lina kichwa na mkia. Nimefuata kichwa." Niliona, nikaandika, nikalala. Sikumwambia Mzee.

Simiti ilipokauka, akina mama walikuja na ndoo kujaribu. Mwenyekiti wao, Mama Chebet, alimwaga maji katikati akasimama kando akisubiri. Maji yalikaa kidogo kama yanayofikiri, kisha yakaanza kwenda kushoto.

"Hii maji inaenda wapi?" akauliza.

"Inaenda kutazama mahindi," mmoja akajibu, na wengine wakacheka.

"Mzee, ulipima na nini? Na kofia?" mwingine akadakia.

Mama Chebet hakucheka. Alisema polepole, "Mzee Kosgei, mimi nilikuwa nimeambiwa macho yako yamechoka. Nikakataa. Nikasema huyu ndiye alijenga nyumba ya mama yangu."

Nilifungua mdomo. Mzee akaniwahi. "Sakafu ni yangu," alisema. Akaokota koleo lake, akalipangusa kwa nyasi, akaenda barabarani. Tangu siku hiyo hajapata kazi. Watu wawili waliokuwa wamemwita wamemwambia wameahirisha. Kwa fundi, Kaka, unajua maana ya kuahirishwa.

Jioni hiyo nilimulika leza kwenye ukuta mrefu wa nyumba ya jirani nikaizungusha polepole kwa vidole. Kichwa kikazunguka, mkia ukafuata. Nikaelewa yote kwa mara moja, nikakaa chini pale nje.

Alhamisi ya wiki hii nilikwenda Cheptiret peke yangu. Nikamkuta Mama Chebet na wenzake wanne wakipima maziwa. Nikawaambia kosa ni langu. Nikawaonyesha kwa kalamu yenyewe, ndani ya chumba kilekile, nikaigeuza mara tatu wakaona doa likipinduka. Nikawasomea daftari. Walinisikiliza kwa adabu sana.

"Wewe umelelewa vizuri," Mama Chebet akaniambia.

"Mama, sisemi kwa adabu. Nasema ilivyokuwa."

"Najua, binti yangu. Hata mimi ningesema hivyo kwa mzee wangu. Mtoto hawezi kuacha mkubwa wake na aibu."

"Lakini doa mmeliona."

"Tumeona taa imegeuka. Taa si ilikuwa hapo, na fundi si alikuwa hapo? Si angeona?"

Unajua ilivyo, hata kwetu iko hivyo: mbele ya watu mdogo hubeba kosa la mkubwa, na kila mtu huelewa kwamba anabeba tu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonisifu. Nilipoaga wakaniambia nivunje sakafu hiyo na kuimwaga upya mimi mwenyewe, kama fundi wao. Mmoja akanifungia chupa ya mursik, maziwa yao ya mgando, nije nayo. Niliibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebebeshwa kitu cha wizi.

Basi jana, Jumamosi, nikaenda Burnt Forest kwa Mzee. Nia yangu ilikuwa moja: aione leza inavyogeuka, kisha twende wote wawili kwa akina mama, aseme kwa mdomo wake kwamba alifuata alama zangu. Nilimkuta akichambua viazi mlangoni. Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Haya, nionyeshe."

Tukaingia ghalani kwake, kuna giza kidogo. Nikamulika ukuta wa mwisho.

"Unaona, Mzee? Kichwa kiko chini."

"Naona."

Nikaigeuza. "Na sasa?"

"Naam. Kimepanda."

Kaka, kidole changu kilikuwa kimeteleza kwenye kitufe nilipokuwa nikigeuza. Leza ilikuwa imezimika. Ukutani hapakuwa na kitu.

Niliiwasha tena, nikaishusha chini, nikajifanya natafuta mfuko. Nikakumbuka mwaka huu wote amekuwa akiniambia "soma wewe, miwani nimesahau", na jinsi anavyopapasa plasta kwa kiganja kabla ya kusema imenyooka. Nikaona kwamba ile siku ya kwanza kule Cheptiret, aliponiambia niweke alama mimi, hakuwa akinipa heshima.

Alinisindikiza hadi njiani. Tulipofika kwenye lango akasimama.

"Usirudi kwa Mama Chebet na hiyo tochi," akasema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Watasema uniite na mimi niangalie."

Akanipa mkono, akarudi kwenye viazi vyake.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitaanza kuvunja ile sakafu. Wakinisifu nitanyamaza, na wakimsema nitanyamaza pia, kwa sababu kila neno nitakalomtetea nalo litawafanya wamtazame machoni.

Kuhusu kanisa, pimeni kwa paipu. Kama ni lazima utumie leza, usiigeuze ukishaanza, na weka alama katikati ya doa.

Nisalimie Mama, umwambie shali iliyo kwenye kifurushi ni ya kuvaa, asiiweke sandukuni. Nisalimie shemeji na mtoto wenu aliyeanza shule. Mjomba, anayekuja kuwakamulia ng'ombe, mwambie nimemkumbuka. Mchungaji akiuliza kazi yangu inaendeleaje, mwambie nimepewa sakafu yangu ya kwanza kama fundi. Ni kweli, na hana haja ya kujua zaidi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wakesho.