Mwerezi wa Baba

Kijiji cha Sunlou, karibu na Taierzhuang,
Shandong.
Siku ya tano tangu mizinga inyamaze, 1938.

Kwa kaka yangu mpenzi Changhai,

Nakuamkia kwa heshima zote, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na moshi wa viwanda vya Hankou haukusumbui tena kifua. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama na mke wangu Shuyun walivuka mfereji mapema, kabla vita havijafika, wakarudi juzi. Masikio ya mama yamegoma kwa kishindo cha mizinga, kilichofika hata kule ng'ambo. Ukimsalimia anakujibu habari za kuku wake.

Najua magazeti yamekwisha kukuambia kwamba Wajapani wamerudi nyuma. Mimi nilibaki, kwa sababu siku unaondoka ulinipa kazi moja tu, kuyalinda makaburi ya ukoo, nami nikakuapia. Kwa hiyo niliyaona yote.

Wanajeshi wetu waliofika kijijini waliongozwa na sajini mmoja wa Shaanxi, Miao Desheng, mfupi, mdomo haupumziki. Walichimba mahandaki shambani kwetu, kwenye ngano. Unaijua ardhi ile: ukifika magotini, maji. Wakalala humo kama vyura, na kila aliyeinua kichwa alipigwa risasi. Niliwapelekea chapati za mtama na vitunguu vya majani, nikamwambia sajini kwamba mahali pakavu ni pamoja tu, pale penye vilima vya makaburi yetu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema afadhali auawe na mzinga kuliko kufukuzwa na babu wa watu mpaka ahera. Kisha akawageukia vijana wake, akawauliza wanamwogopa nani zaidi, Mjapani au babu. Wakamjibu kwa pamoja kwamba ni babu. Walicheka, kaka, wamekaa ndani ya maji mekundu.

Siku ya tatu vikaja vifaru. Ardhi ilitikisika, meno yakawa yanagongana yenyewe kinywani. Nikaona watu ishirini hivi wakitoka majini, wamejifunga mabomu kiunoni, panga mgongoni, wanavikimbilia vile vyuma kwa miguu yao. Viatu vyao vilikuwa vya majani! Vifaru viwili viliwaka moto. Waliorudi ni wanne. Nimeishi miaka thelathini na moja na sikujua kwamba binadamu ana uwezo huo. Sikulia. Nilisimama nimeacha mdomo wazi, kama mtoto aliyeona mlima kwa mara ya kwanza.

Sasa kaka, kaa chini kwanza. Lililobaki nimelizungukia kurasa mbili nzima, naogopa.

Jioni ile walibaki kumi na saba, na bado sajini alikataa kuyagusa makaburi. Nikachukua jembe langu. Nilianza na kilima cha baba, ili asiwepo mgeni wa kulaumiwa. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi, nikachimba. Waliponiona, wakaja wakachimba nami, wengine wanalia. Vipande vya mabomu vilikuwa vinanyesha kutoka juu, na handaki halikuwa na paa. Nikalifikia jeneza.

Unalikumbuka jeneza lile kuliko mimi. Mbao za mwerezi ulizileta wewe kwa mashua kutoka kusini, na baba alilipaka rangi kila mwaka akiwa hai, akiwaringia majirani kwamba ana mwana. Nililing'oa mfuniko, kaka. Nikang'oa na mbao za ubavuni, tukaziezeka juu ya handaki. Baba nilimviringisha kwenye mkeka wa kitandani mwangu, nikamlaza pembeni. Sikuthubutu kumtazama usoni. Chini ya mwerezi wako wale watu kumi na saba walikaa siku sita, Wajapani hawakupita, na wote kumi na saba wako hai.

Sikukuu ya kusafisha makaburi ilitukuta vitani, kwa hiyo tuliifanya jana. Nilimrudisha baba kaburini ndani ya mkeka tu, mbao zimekuwa vijiti kwa mabomu. Nilitaka niwe peke yangu, kwa aibu. Lakini sajini Miao alikuja na watu wake wote, wameosha nyuso, wakajipanga mistari kumsujudia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Aliniuliza mwana mkubwa anapiga magoti wapi. Nikamwonyesha, mbele kabisa, nikamwambia mwenyewe yuko Hankou na bado hajui. Akawaamuru vijana wasogee nyuma hatua moja. Tukasujudu kumi na wanane, tukimwita baba kwa sauti moja, na pale mbele pakabaki majani matupu.

Ukinikana sitalalamika, nimevunja kiapo nikijua. Ila njoo, kaka. Hakuna aliyepakanyaga mahali pako.

Msalimie shemeji, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mama anasema kuku wametaga.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukutii hata baada ya haya,
Sun Changgeng