Zuhura, Usisome Kabla Bi Mize Hajafika

Al Wukair, Doha
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Zuhura,

Simama hapo hapo. Najua umeshakaa mkekani, miwani puani, na Mama yuko mbele yako anakwambia "soma basi, unangoja nini?" Usisome. Mwambie barua hii ina wasikilizaji wawili, na wa pili ni Bi Mize. Nenda kamwite. Akikataa, mwambie anayemwomba ni Makame, yule aliyekuwa akimmalizia mkate wake wa kumimina kila Ramadhani. Mama atanuna. Mwache anune.

Mmekaa? Haya.

Mama yangu, shikamoo. Bi Mize, shikamoo. Magoti ya Mama yanaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imesaidia au imepewa majirani? Bi Mize, presha yako imetulia? Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimenenepa mpaka wenzangu wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ninaokwenda kula nao pilau siku za Ijumaa, wananiuliza natarajia kujifungua lini.

Mtauliza kwa nini barua na simu ipo. Mama, kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo unauliza nimekula nini, nikikujibu unasema vocha inakwisha, unakata. Barua haikatwi.

Mwezi uliopita nilisafiri. Tajiri ninayemwendesha, ambaye hapa nyumbani kwake wafanyakazi wote tunamwita Baba, hata mpishi aliyemzidi umri, alinichukua Moroko pamoja na mkewe na mtoto wao mkubwa, Khalid. Tuliendesha siku nzima kwenda kusini, jangwa mkono mmoja na bahari ya Atlantiki mkono wa pili, mpaka tukafika ufuo usio na kitu ila mahema machache na upepo. Upepo ule, Mama! Ukifungua mlango wa gari unataka kuondoka nao. Mchanga unaingia mpaka ndani ya chai. Maji baridi, wachezaji wanavaa nguo za mpira mwili mzima. Na juu wamejaa kaiti, zile unazoziita tiara za wazungu, zinavuta watu waliosimama juu ya mbao zao.

Khalid kajifunza mchezo huo juzijuzi na anajiona fundi. Hakuna pale nyumbani aliyejua kwamba dereva wao alifanya kazi ya kaiti hapo kwetu Paje miaka minne. Sikuwahi kuwaambia. Nilisimama kando ya gari, nikasikia harufu ya mwani unaokauka.

Wallahi nilifumba macho. Niliwaona nyinyi wawili mnatoka majini, Mama mbele, Bi Mize nyuma, kamba nzito ya mwani katikati yenu, kanga zimelowa, mnagombana nani anavuta kivivu. Siku zile tulikuwa tunasikia kicheko chenu kabla hatujawaona. Bi Mize alikuwa na kisa kipya cha mumewe kila maji yakitoka, na Mama alikuwa akicheka mpaka anakaa majini. Nimekaa na watu wengi huku. Sijasikia tena watu wawili wakicheka hivyo kazini, na ninakukumbukeni mpaka kifua kinauma.

Nilipofumbua macho niliona wanawake wanne kwenye maji mafupi. Wao hawapandi kama nyinyi. Wanaokota mwani unaoletwa na mawimbi, wanautia katika nyavu, kisha wanauburuta pwani. Khalid aliambiwa apite nje yao, kwenye maji makubwa. Akapita ndani. Kaiti ikamshinda, ikaanguka, nyuzi zikamzoa mmoja wao, mama wa umri wenu. Alianguka, wavu ukapasuka, mwani wote ukarudi baharini. Akainuka. Akaanza kuokota upya.

Watu wakaja juu. Khalid akamnyooshea kidole mfanyakazi wa pale aliyemshikia kaiti, mtu mzima mwenye mvi: "Huyu ndiye aliyenirushia kaiti vibaya." Yule mtu alijua kuwa nimeona. Alinitazama tu, akangoja. Nilikuwa nimeshatazamwa hivyo mara moja maishani.

Nikasema, kwa Kiarabu changu cha jikoni, "La, Khalid. Ni wewe."

Baba akageuka. "Wewe dereva, unajua nini habari za kaiti?"

"Nilifanya kazi hii kwetu, Baba."

Nilijua naweza kurudishwa Doha usiku ule na kufungishwa virago. Baba akamtazama mwanawe, akamwambia, "Nenda." Khalid akaingia majini, mbele ya watu wote, uso umemwiva, akaomba radhi. Yule mama alimpa ncha ya wavu ashike, wakauvuta pamoja.

Mpaka leo Khalid hanisalimii. Lakini alikwenda. Mtoto wa miaka ishirini alikwenda, na mimi thelathini na nne nimekaa huku nimejificha.

Mama, Bi Mize, nisikilizeni. Siku zilipokatwa kamba za shamba lenu la pamoja, mwani umeshafika wa kuvunwa, kila mtu aliona kaiti nyekundu. Kaiti nyekundu ilikuwa ya Ussi, mwanao Bi Mize na mwenzangu kazini, ndiyo aliyofundishia wageni. Mama ukaenda skuli ya kaiti ukasema ni Ussi, wakamfukuza siku hiyo hiyo. Bi Mize ukang'oa vigingi vyako vya kufungia kamba ukahamia mwisho wa ufuo. Tangu hapo hamsalimiani ila msibani.

Hakuwa Ussi. Nilikuwa mimi.

Wageni walikuwa wanakula, Ussi yuko msikitini. Nikaichukua kaiti yake nizunguke mara moja tu. Maji yalikuwa yanajaa, vigingi vimeshazama, na vile vitambaa vyeupe mlivyofunga mpakani ili tuvione, sikuvitafuta. Nilisikia ubao unakata. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto aliyelelewa na kamba hizo hizo.

Ussi aliporudi aliikuta kaiti imelowa. Alijua ni mimi. Walipomfukuza alinitazama, akangoja. Nikaangalia miguu yangu. Kazi ya huku ilipopatikana nilimshukuru Mungu zaidi kwa umbali kuliko kwa mshahara.

Mama, ulimkosea Bi Mize kwa sababu mimi nilikuacha ukosee. Unavuta kamba peke yako miaka yote hii, na magoti hayo, kwa sababu yangu. Naomba radhi. Bi Mize, kwako sijui hata nianzie wapi. Naomba radhi.

Ussi nimempigia kabla ya kuandika. Alisema, "Mwambie mama'ngu mwanzo. Mie na wewe tutaonana ukija." Likizo yangu ni Shaabani. Nitakuja.

Nisalimieni baba mdogo Haji muadhini, shangazi Mwanakhamis mkunga, na shemeji, mume wa Zuhura, asiyepokea simu. Juma aliyeleta barua hii, mwenzangu wa huku, mlinzi wa hoteli, ana mfuko wa viatu vya majini, msije mkachomwa tena na vile visahani vya mwamba, yale magamba makali. Ni pea mbili. Ya bluu ya Mama. Ya pili ni ya Bi Mize, kama atakubali kuipokea mkononi mwa Mama.

Zuhura, umefika mwisho. Usiwatazame, usiseme neno. Nenda jikoni kateleke chai, vikombe viwili, na usirudi upesi.

Mwanao Mama, na wako Bi Mize ukinikubali,
Makame